Namba Kumi na Tano

Juzi walikuwa wanapaka rangi geti la jirani. Ni geti jipya la ghorofa jipya, hapa Kibenga, mahali ambapo mpaka mwaka jana palikuwa na nyumba ya zamani yenye paa la vigae na bustani iliyoteremka karibu hadi ziwani. Fundi alikuwa na kompresa, na ile harufu ya rangi ya magari, kali na tamu kidogo, ikapita dirishani ikanikuta jikoni nakatakata mboga za lengalenga. Nikaacha kisu. Nikafunga dirisha la jikoni, nikafunga la sebuleni, nikayafungua yote mawili tena, halafu nikatoka nje nikasimama barabarani bila sababu. Mume wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu. Amezoea. Tangu tuoane tumehama nyumba mara tano, na mara zote tano ni mimi niliyeanza kusema hapa hapakaliki.

Ninyi mliokulia Buyenzi mnaijua harufu hiyo. Mtaa wetu mzima ulikuwa karakana. Huku mtu anachomelea bomba la moshi, kule mwingine amelala chini ya lori miguu tu inaonekana, na katikati yao wanawake wanakaanga sambusa na watoto wanasukuma magurudumu yasiyo na kazi. Baba yangu alikuwa fundi wa kupaka rangi magari. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara kubwa, hatua chache kutoka nyumbani: mabati manne na turubai. Kila jioni alirudi na vumbi la rangi kwenye nyusi, nami nilimtazama tu nikajua leo ilikuwa gari jeupe au leo ilikuwa teksi.

Nyumba yetu ilikuwa ya nyuma. Mbele, ikiitazama barabara, ilikuwa nyumba ya kina Nadine, na ukuta wao mrefu ulituzibia jua na upepo. Ndani mwetu palikuwa na giza hata saa sita mchana. Mama alilazimika kuchambua mchele mlangoni ili aone mawe. Lakini hakuna aliyelalamika. Kati ya nyua zetu mbili palikuwa na mlango wa mbao ambao sikumbuki kuuona umefungwa. Mama Nadine aliita kutoka upande wa pili, "Mama Zuena, kuko chumvi?" na kabla hajamaliza, mimi nilikuwa nimeshafika na chumvi mkononi. Wao walikuwa Wakristo, sisi Waislamu. Siku ya Idi Nadine alivaa nguo mpya kama mimi, na Noeli mimi nilikula keki kwao mpaka tumbo likauma. Baba yake alikuwa karani serikalini, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi na maneno machache. Nadine alikuwa na miaka minane kama mimi. Tuling'oka meno ya mbele wiki moja.

Kwanza walikuja watu wenye chombo cha miguu mitatu. Waliinama mmoja mmoja, wakafumba jicho moja, wakatazama barabara. Sisi watoto tulijua ni kamera. Nadine na mimi tulisimama mbele yake tumeshikana mikono, tukatabasamu mpaka mashavu yakachoka, na mmoja wao akatupungia mkono tuondoke. Tulimsubiri Bibi avae kitenge chake kizuri apigwe na yeye. Bibi, mama yake baba, alikuja kweli, akasimama kando ya ukuta wa Nadine ameinua kidevu. Yule mtu akainuka kutoka kwenye chombo, akamtazama muda, akasema kwa heshima, "Mama, subiri kidogo, tupime." Bibi alirudi ndani akisema watu wa siku hizi hawajui kupiga picha.

Siku chache baadaye walikuja wengine, wenye kopo na brashi. Kwenye kila nyumba iliyotazama barabara walichora duara jekundu, na ndani ya duara wakaandika namba. Ukuta wa kina Nadine ulipata kumi na nne. Wetu haukupata kitu.

Lazima niwaeleze jinsi nilivyofikiri, maana hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Kabla ya hapo tulikuwa tumeona alama mara mbili tu. Mara ya kwanza watu wa chanjo walipita wakaandika kwa chaki milangoni, na kila mtoto akapata peremende baada ya matone. Mara ya pili walipita watu wa vyandarua. Nyumba yenye alama ilipewa chandarua, isiyo na alama ikaambiwa ingoje. Sisi tuliambiwa tungoje. Kwa hiyo mimi, alama ukutani nilijua ni nini. Ni zawadi inakuja. Na safari hii alama ilikuwa ya rangi, si ya chaki, basi zawadi nayo lazima iwe kubwa.

Nadine ndiye aliyenipa jina la zawadi yenyewe. Tulikuwa tumekaa juu ya gurudumu la lori, yeye anachezea kamba ya kiatu.

"Sisi tunahama," alisema. "Tutapewa parseli mpya, kiwanja yetu. Baba amesema tutajenga etaji, nyumba ya gorofa, kama za matajiri wa Kiriri. Mi nitalala juu, mudogo wangu atalala chini."

"Na mimi?"

"Ninyi hamuna namba."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa. Nikauliza huko wanakokwenda ni mbali kiasi gani. Akasema mbali sana, kupita Kamenge, karibu na milima. Nikarudi nyumbani nikakaa kwenye giza letu. Sikuwa nawaza etaji, niwe mkweli. Nilikuwa nawaza asubuhi, nikipita ule mlango wa mbao, upande wa pili pasiwe na mtu.

Baba wakati huo alikuwa Gitega. Mtu mmoja mwenye magari mengi alikuwa amemwita akayapake rangi yote, kazi ya wiki mbili. Kibanda chake kilikuwa kimefungwa kwa kamba tu, na mimi nilijua kuifungua. Ijumaa mchana, Mama alikuwa sokoni, Bibi amejilaza baada ya swala, mtaa umetulia kama unavyotulia Ijumaa. Nilichukua kopo la rangi nyekundu lililobaki kwenye kazi ya pikipiki moja, na brashi ndogo ya kumalizia. Nikachagua ukuta wa kichochoroni, ule ambao watu waliona wakipita. Duara langu halikuwa zuri, lilifanana zaidi na yai. Lakini namba niliipatia. Kama kina Nadine walikuwa kumi na nne, sisi tulikuwa kumi na tano. Nikasimama nikaitazama, na sijawahi tena kuwa na furaha ya namna hiyo, furaha ya mtu aliyetatua jambo peke yake bila kusumbua mtu mzima.

Bibi ndiye aliyeiona kwanza. Nilikuwa nyuma yake, nangoja afurahi. Aliweka kiganja chake juu ya ukuta, kando ya rangi, asiiguse. Akasema polepole, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Maneno hayo niliyajua. Yalisemwa mtu akifa. Nikatazama kichochoroni kote nione nani amekufa.

Mama aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya zoni, ile ya serikali ya mtaa, bila kuvua hata viatu vya sokoni. Alirudi jioni, nami nikajibanza nyuma ya pazia kusikiliza.

"Wameangalia orodha," alimwambia Bibi. "Jina yetu haiko."

"Kama haiko, si ndiyo vizuri?"

"Apana, Mama. Wamesema barabara inapanuliwa, alama kama iko, nyumba inaanguka. Na kama jina haiko, hatupati parseli. Tutaondoka hivi hivi."

Bibi akasema kwa sauti yake ya kawaida, kana kwamba anazungumzia chakula cha kesho, "Basi ninyi mutafuta nyumba ya kupanga. Mi nitarudi Rumonge kwa dada yangu. Mutu wa umri wangu hapangi."

Nyumba ile aliijenga yeye na babu. Walikanyaga udongo wenyewe, wakafyatua matofali wenyewe, na Bibi alipenda kutuonyesha tofali moja karibu na mlango lenye alama ya kidole gumba cha babu. Sasa alianza kutoa vitu. Jumamosi alimpa mpika sambusa wa jirani lile sufuria kubwa ambalo mtaa mzima uliliazima kwa harusi. Jumapili alitoa kitanda chake. Watu wawili walikuja wakakifungua, wakapita nacho mlangoni kipande kimoja kimoja, na usiku huo Bibi akalala kwenye mkeka kando yangu. Alikuwa anapumua pole pole. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimeshaelewa vya kutosha kwamba zawadi haikuwepo, ila sikujua kulikuwa na nini mahali pake. Kila nilipofungua mdomo niliona kitanda kikitoka mlangoni, nikaufunga.

Nawajua watu waliobeba siri kubwa zaidi katika mji huu. Lakini nadhani hofu haina saizi ya mtoto na saizi ya mtu mzima. Siku zile sikuweza kukaa. Nilizunguka nyumba, nikaenda kibandani, nikarudi, nikafagia ua uliokwisha kufagiliwa. Mama akasema huyu mtoto ana minyoo.

Baba alirudi Alhamisi. Mama alimpokea barabarani akamweleza yote kabla hajatua begi. Alikuja mpaka kichochoroni, nasi sote nyuma yake, Nadine na mama yake pia. Akalitazama yai langu. Akakwaruza kidogo kwa ukucha. Akanusa ukucha.

Mtu mwingine yeyote angeona nyekundu tu. Baba aliona pikipiki ile. Sikuona uso wake, niliona mgongo, na mgongo ukashuka kama mtu aliyewekewa gunia.

"Mama Zuena," alisema, "nipatie chai." Na kwa Mama Nadine, "Jirani, tutaonana." Watu wakaelewa kwamba anataka kukaa peke yake, wakaondoka. Nami nilitaka kuondoka.

"Zuena. Kuja hapa. Leta mikono."

Nilikuwa nimeisugua kwa mchanga siku sita, lakini kwenye kona za kucha ilikuwa bado. Baba akainama akazitazama kidole kwa kidole, kama anavyotazama kazi ya fundi mwingine.

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka twende na Nadine."

"Tuende wapi?"

"Kwenye etaji."

Hakunipiga. Mara nyingi baadaye nimefikiri heri angenipiga. Alikaa chini kwenye vumbi, kwa suruali yake ya safari, akaegemea ukuta na kufunika macho kwa mikono miwili. Halafu akaingia ndani, nikamsikia akiongea na Bibi. Sikusikia maneno yake. Nilisikia jibu la Bibi tu: "Mutoto? Mutoto wetu?" Kisha kitu kilichonishangaza: kicheko cha Bibi, kikavu, kifupi, kikaisha kwa kikohozi.

Jioni hiyo hiyo Baba alichukua kitambaa na petroli akaifuta alama. Rangi iliyokauka siku sita haitoki kirahisi kwenye chokaa. Alisugua mpaka jua likazama, na mwishowe palibaki doa la rangi ya waridi, kubwa kuliko alama yenyewe. Akasema itatosha.

Haikutosha. Jumatatu asubuhi katapila liliteremshwa mwanzo wa barabara, na mbele yake akatembea msimamizi wa kazi, mtu mnene mwenye karatasi mkononi. Alikagua nyumba moja baada ya nyingine. Alipofika kwa kina Nadine akatupa jicho kichochoroni, akasimama.

"Hii nani amefuta?"

Baba akasema ni yeye. Akaanza kueleza. Yule mtu akainua mkono.

"Munafikiri mi sijaona? Kila mutaa watu wanafuta namba usiku, asubuhi wanasema hawajui. Hii tutaanza nayo."

"Shefu, nisikilize. Haikuwa alama yenu. Mutoto ndiye alichora."

"Mutoto!" Aliwageukia watu waliokusanyika. "Munasikia? Sasa ni watoto!"

Nikaona Mama anakwenda kumshika Bibi mkono. Bibi alikuwa amevaa kile kitenge chake kizuri, sijui kwa nini, labda hakutaka kufukuzwa na nguo za jikoni. Baba alinitafuta kwa macho katikati ya watu, akanivuta mbele.

Pale ndipo injinia alipokuja. Alikuwa dada kijana mwenye kofia ya njano, viatu vimejaa udongo, amesikia kelele. Akauliza kuna nini. Wote wakaongea pamoja. Akawanyamazisha, akachuchumaa mpaka uso wake ukalingana na wangu.

"Ni we ulichora?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Sema na mudomo."

"Ni mimi."

"Ulichora nini?"

"Duara. Na kumi na tano."

"Kwa nini kumi na tano?"

"Kwa sababu kina Nadine ni kumi na nne."

Watu wakacheka. Ni jambo la ajabu kusema, lakini nadhani kicheko kile ndicho kilichotuokoa, kwa sababu hata yule mnene mwenye karatasi kilimponyoka. Injinia hakucheka. Alichukua karatasi zake mwenyewe, akazitazama, akaita mtu alete kamba ya kupimia. Akanipa mimi ncha yake. "Shika hapo ukutani, usiachie." Nikaibana kwa nguvu zangu zote juu ya lile doa la waridi, naye akaenda na kamba hadi kwenye kigingi, akapima, akarudi, akapima tena.

"Barabara inaishia nyuma ya hii nyumba ya mbele," alisema. "Hii iko nje, hatua mbili. Hatuigusi."

Mama alipiga yowe moja la furaha, halafu akajiziba mdomo. Maana kina Nadine walikuwa wamesimama pale pale, na maneno yale yale yalikuwa yamewahukumu wao mara ya pili.

Sikuwa nimemwona Nadine mpaka wakati huo. Alikuwa amesimama kwenye ule mlango wa mbao, na yeye peke yake hakuwa amecheka. Nilikwenda nikitaka kumwambia nimefeli, kwamba hatutakwenda pamoja.

"Kumbe ulizani sisi tunafurahi?" aliniuliza.

"Si ulisema etaji."

"Baba hakusema etaji." Alikuwa analia bila kujifuta. "Ni mi nilisema. Baba hakusema kitu. Usiku analala amekaa tu."

Siku tatu baadaye nyumba yao ilianguka. Walikuwa wameshatoa mabati, milango na madirisha, kwa hiyo kilichoanguka kilikuwa kama boksi. Katapila liliegemea tu, na ukuta mrefu ambao ulikuwa umetuzibia jua maisha yetu yote ukalala chini kwa mara moja, na vumbi likaingia kwetu mpaka kwenye maharagwe. Mama Nadine hakutaka kuona. Alikuwa ndani kwetu, amekaa kitako sakafuni, Bibi amemshika bega. Vumbi lilipotulia, jua likaingia.

Sijui nilieleze vipi. Nilikuwa sijawahi kuona rangi ya sakafu yetu. Chumba chote kilikuwa wazi, vikombe vinang'aa, na kwenye pembe nikaona utando wa buibui wa miaka. Upepo wa ziwani ukapita kati ya nyumba. Bibi akainua uso, na kabla hajajizuia akasema, "Ah, ziwa. Naona ziwa." Kisha akakumbuka kwamba bega aliloshika ni la Mama Nadine. Mama Nadine mwenyewe akasema, "Ni kweli, kumbe linaonekana," na akasimama kuangalia na yeye.

Tulilipenda jua lile. Ni lazima niseme hivyo. Mama alianza kushona karibu na dirisha, na nguo zikakauka upesi. Kila nilipokaa kwenye mwanga nilihisi nimekaa kwenye kitu cha mtu. Na ile barabara, ilipokuja na lami yake na taa zake, ikatufanya sisi kuwa nyumba ya mbele. Watu waliokuwa hawatujui wakaanza kusimama na magari mazuri kumuuliza Baba kama anauza. Kibanda chake kiliambiwa kiondoke kwa sababu kinachafua barabara mpya, na kwa miaka aliyobaki nayo alipaka magari kwenye ua, sisi tukikohoa. Bibi hakuomba kitanda chake kirudi. Alisema amekitoa kwa moyo wake. Alilala kwenye mkeka mpaka Baba alipopata cha kumnunulia kingine, na kile kingine alikuwa anakiita "cha wageni" hadi alipofariki. Baada yake nyumba iliuzwa. Leo mahali pale pana jengo la vioo la orofa nne, duka la simu chini. Nimepita mara nyingi, na kila mara natembea haraka.

Lakini nilitaka kuwaambia kuhusu Nadine.

Likizo iliyofuata Baba alinipeleka kuwaona. Tulishuka Kamenge, tukatembea sana, mpaka nyumba zikaisha na vikaanza viwanja vitupu vyenye mawe manne ya mipaka. Kiwanja cha kina Nadine kilikuwa na turubai, msingi uliofika magotini, na lundo la matofali. Maji yalichotwa mbali. Baba yake alikuwa na shati lililopigwa pasi hata pale; mpaka leo sijui pasi waliiweka wapi. Yeye na Baba waliongea habari za saruji. Mama Nadine alinikumbatia, akaniuliza Bibi anaendeleaje, akaniuliza kama ziwa bado linaonekana. Nikasema linaonekana.

Nadine alinitembeza ndani ya msingi. "Hapa chumba ya wazazi. Hapa saluni, pa kukaa wageni. Hapa yangu." Aliingia kwa kupita mahali pa mlango, ingawa angeweza kuruka ukuta, na mimi nikapita mahali pa mlango vilevile. Tulikaa chumbani kwake chini ya jua kali. Alikuwa amekonda, na alizungumza Kirundi zaidi sasa, kwa sababu huko hapakuwa na watu wa Kiswahili. Nilikuwa nimemletea sambusa, zimepoa. Alikula zote bila kunipa hata moja, na hakuwahi kuwa mtoto wa namna hiyo.

Wakati wa kuondoka alinisindikiza hadi kwenye njia.

"Usirudi sasa," alisema.

Nikafikiri amekasirika. Akaniangalia, akaona nimefikiri hivyo.

"Rudi siku tumemaliza kujenga. Mi nitakutumia habari."

Nikamwahidi. Na mimi, ambaye nilishafanya makosa kwa kutongoja, safari hii niliamua kungoja. Nilingoja darasa la tatu na la nne. Mji ulianza kukimbilia kule kaskazini, na kila aliyetoka huko alisema kunajengwa, kunajengwa sana. Nikawa namuuliza Baba kama kina Nadine wametuma mtu. Baba alisema kujenga ni kazi ya muda. Baadaye nikaacha kuuliza, lakini sikuacha kungoja. Nilikuwa tu nangoja bila kukaa.

Nilipofika miaka kumi na nne nilikwenda peke yangu, bila kuaga. Sikuitambua njia. Viwanja vyote vilikuwa vimejaa kuta na mageti, na ilinibidi nihesabu pembe kutoka kwenye kanisa dogo nililolikumbuka. Nikapata nyumba. Ilikuwa imekamilika, na nzuri, mabati ya bluu, maua kwenye makopo. Nikashikwa na hasira: wamemaliza, na hakuniambia. Nikagonga. Akafungua mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, ambaye sikumjua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema watu wale waliuza kabla ya kuezeka. Saruji iliwashinda. Walikwenda wapi, hakujua; labda upande wa kwao, mlimani, labda kwingine. Yeye na mume wake ndio waliomalizia.

"We ni nani kwao?" aliuliza.

"Jirani."

"Jirani wa hapa? Sijakuona."

"Apana. Wa kule Buyenzi. Walikaa mbele ya nyumba yetu."

"Na sasa nani anakaa pale?"

"Barabara," nikasema.

Mama yule alinitazama, akasogea akaacha mlango wazi. "Ingia basi, mwananje, mutoto wangu, upumzike. Umetoka mbali." Nikaingia. Akanipa kiti na maji, nikayanywa, na nilipoona amekwenda kumlaza mtoto nikasimama nikatoka pole pole, nikafunga geti nyuma yangu, nikaanza kutembea kuelekea Kamenge, nikiangalia kila ua niliopita kama Nadine yumo.